Kitambaa Kilichotoka Kizima

Wawira mwanangu,

Umeshuka Manyatta kumuaga shangazi yako, na nimekuona ukipita langoni bila kugeuka. Sikulaumu. Tangu siku ile ya kitambaa, mimi na wewe tunazungumza habari za sanduku tu: sanduku lina kufuli, sanduku limezidi uzito, ile sweta ya kijani iingie au ibaki. Kesho unasafiri, na mimi nina maneno ambayo mdomo wangu umeshindwa kuyatoa. Basi nimeketi mezani na kalamu, kama mtoto aliyepewa adhabu ya kuandika insha.

Sitakuambia uvae soksi mbili. Ya soksi unayajua kuliko mimi, na ya sala ni yako na Mungu wako. Mimi nataka kukuandikia habari za ufagio.

Unajua kwamba kila shule niliyofundisha nilipewa kazi ya usafi. Walimu wengine walipewa mpira, wengine kwaya, mimi nilipewa vumbi. Watoto walikuja asubuhi na mafagio ya matawi waliyoyafunga nyumbani, nao walifagia uwanja mpaka ardhi ikabaki na mistari kama nywele zilizochanwa. Jani moja likionekana chini ya mti, darasa zima lilirudi. Wazazi wakija mkutanoni walisema, "Mwalimu, hapa mtu anaweza kula chini." Nami nilivimba kichwa. Miti ya uwanja ule ilikuwa imesimama juu ya mizizi yake kama mtu anayechungulia dirishani kwa vidole vya miguu, kwa sababu udongo ulikuwa umeondoka kidogo kidogo pamoja na majani. Nilikuwa nikiiona kila siku. Kengele ya shule niliitundika kwenye mmoja wao, na sikuwahi kujiuliza kwa nini matawi yake ya juu yalikuwa makavu.

Watu wa kwetu tuko hivyo. Boma likiwa na majani chini, mgeni anajua mama wa nyumba ni mgonjwa au mvivu. Nilikulia humo, nikafundisha hivyo, nikaoa nikiwa hivyo.

Mamako, Karimi wangu, naye alitoka Mikinduri, kwao Umeruni, akiwa na kiondo ambacho hakumruhusu mtu amsaidie kukibeba. Wanawake wa hapa walidhani kina njahi, yale maharagwe meusi, au zawadi ya mama mkwe. Mama yangu, yule uliyepewa jina lake, alikifungua kwa heshima zote akakuta udongo. Udongo mweusi, una majani yaliyooza nusu, na ndani yake miche michache ya muuru, ule mti wao wa mbao nzuri. Mama akauliza kwa Kiembu kama huku kwetu udongo ulikuwa umekwisha. Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Karimi hakujibu, Kiembu kilikuwa bado kinampiga chenga, lakini tulipobaki wawili aliniambia kwa Kiswahili, "Mwalimu, mti haiendi kwa wageni peke yake. Inaenda na watu yake."

Nilimsahihisha ngeli. Huyo ndiye mume aliyempata. Badala ya kumuuliza watu wa mti ni nani, nilimwambia aseme "mti hauendi". Alinitazama, akachukua jembe, akaenda kupanda.

Kiswahili kikawa lugha ya nyumba hii kwa sababu yeye hakutaka nimcheke Kiembu chake na mimi sikutaka anicheke Kimeru changu. Ndiyo maana hata barua hii nakuandikia kwa lugha hiyo, ile tuliyokulea nayo.

Miuru ile ilikua. Wewe umecheza chini yake, umeanguka kutoka juu yake. Kila siku iliangusha majani, na kila siku niliyafagia, hasa Jumamosi, ili Jumapili tukitoka kanisani wageni wakute pasafi. Mamako alikuwa akisimama mlangoni pa jikoni anasema, "Mwalimu, wacha hiyo majani. Hata mchanga inasikia baridi." Nilidhani ni maneno ya kunitania. Alikuwa mtu wa utani, na mimi nilikuwa nimezoea kuchekeshwa naye kiasi cha kutomsikiliza.

Wakati huo, nikubali, kosa langu halikuonekana sana. Julai ilikuwa Julai. Ukungu ulishuka kutoka msituni ukakaa kwetu wiki baada ya wiki, nguo hazikauki, kuni zinatoa machozi, na jua tulilisahau. Baridi ilikuwepo, lakini ilikuwa baridi ya chini ya blanketi, haikuzidi pale ilipokuwa. Siku hizi umeona mwenyewe. Ukungu unachelewa au haufiki. Asubuhi anga iko wazi kabisa, umande umeganda juu ya nyasi, majani ya chai yameungua kama yaliyomwagiwa maji moto, halafu ikifika saa sita jua linachoma kichwa. Hata mlima wenyewe, ule weupe wa juu tuliokuwa tukiuonyesha wageni, sasa unautafuta kwa macho.

Nakuja kwenye lile ambalo sijawahi kulisema. Mamako alipougua, ulikuwa chuoni na ulikuwa ukinipigia simu ukiuliza, "Baba, umekaa na yeye?" Nikakujibu nimekaa. Kweli nilikuwa ndani ya chumba kile, lakini sikukaa. Nilifagia. Nilifagia chini ya kitanda, nikapanga dawa kwa urefu wa chupa, nikafuta dirisha, nikaenda nje nikafagia kuanzia mlangoni mpaka langoni, nikarudi nikaanza tena. Aliniita akasema, "Mwalimu, keti. Nyumba iko safi." Nikasema nakuja. Niliogopa, mwanangu. Niliogopa kukaa kwenye kile kiti nikamwona usoni, na mikono yangu ikatafuta kazi inayoijua. Yeye alikufa kiti kikiwa kitupu na sakafu ikiwa inang'aa.

Tukamzika pale chini, karibu na muuru mkubwa, kwa kuwa ndipo alipotaka. Nami nikaendelea. Kila Jumamosi nilifagia kaburi na kila kitu kilicholizunguka. Watu wakipita walisema, "Mwalimu anampenda mke wake hata akiwa chini." Ilikuwa kweli. Sikuwa na njia nyingine ya kumpenda iliyobaki.

Halafu ukarudi umemaliza masomo, una barua ya kwenda ughaibuni kusoma udongo wa misitu wakati wa majira yao ya baridi. Nilikasirika kabla sijaelewa. Nilikuuliza kama udongo wa huku umekwisha. Ulicheka, ukaniambia nimesema maneno ya nyanya. Sikuwa nimegundua.

Nakumbuka ulivyonieleza mezani hapa, unachovya mkate kwenye chai. "Baba, hiyo snow ni kama blanketi. Ikianguka mapema ikae nene, mchanga chini haifreeze sana. Wale microbes, vile viumbe vidogo vya mchanga, wako huko wanafanya kazi pole pole, wanavunja majani, wanawekea miti chakula. Sasa winter imekuwa warm, snow inakuja nyembamba ama inayeyuka. Baridi ikirudi inapata mchanga iko uchi. Inaganda, inayeyuka, inaganda tena. Wengi wanakufa. Na chakula yenye walikuwa wameshika inaoshwa na maji, na miti bado zimelala."

Nikakuuliza, "Yaani dunia ikipata joto, udongo unapata baridi?"

"Ndiyo, Baba. Hiyo ndiyo naenda kusoma."

Sikukuambia siku hiyo, lakini jambo lile lilinikaa. Nilitoka nje nikasimama chini ya muuru mkubwa nikatazama juu. Kilele chake kilikuwa kimeanza kukauka. Wa pembeni ulikuwa umeshakufa nusu, na mimi nilikuwa nimesingizia wadudu.

Ukaniomba niache kufagia. Nikakataa. Hukubishana, wewe hubishani, umerithi hiyo kwa mamako. Baridi ilipoanza ulichukua kile kitambaa chake cheupe cha pamba alichokuwa akifunikia chapati, ukakichana vipande viwili. Nilikuona, moyo ukanipasuka nacho. Kipande kimoja ulikizika kwenye ua wa mpakani, mahali majani yanapolundikana na mimi sifiki. Kingine ulikizika chini ya muuru, hatua chache na kaburi, kwenye udongo wangu niliokuwa nikiufagia. Ukasema kama udongo una uhai, utakula pamba. Ukaniomba nisiguse.

Sikugusa. Nilifagia juu yake tu.

Mwezi wa nane ukaniita tufukue. Cha kwenye ua hakikuwa kitambaa tena. Ulishika nyuzi chache kiganjani, nyeusi, na mwanya mkubwa pale palipokuwa na pamba. Halafu tukaja kwangu. Ulichimba kwa mikono. Kikatoka kizima. Kina madoa ya udongo, basi, lakini upindo mamako alioushona ulikuwa upo, sindano moja moja, ungeweza kukifua ukafunikia chapati jioni hiyo.

Na mimi, mwalimu wa usafi, nilifurahi! Nilisema, "Unaona? Changu kiko sawa." Nilisema kwa sauti, mikono kiunoni.

Ukanitazama na machozi yamekujaa. "Baba, hii mchanga imekufa. Mama amelala mahali hakuna kitu inaishi."

Ningenyamaza pale, leo nisingekuwa na kalamu mkononi. Lakini nilikujibu, na nilichokujibu tunakijua sote wawili. Nilisema, "Wewe ni mtoto wa aina gani, unataka mamako aliwe?" Na kama hiyo haitoshi nikasema, "Nenda huko kwenye theluji, ukachimbe makaburi ya wenyewe." Uliweka kitambaa juu ya jiwe, ukanawa mikono, ukaingia ndani kukunja nguo.

Nimeyarudia maneno hayo kila asubuhi tangu siku hiyo. Nimejaribu kuyapa sababu. Kwamba nilikuwa nimechoka, kwamba kitambaa kilikuwa chake, kwamba baba naye ana moyo. Sababu zote hizo ni kweli na hakuna inayosaidia. Ukweli ni kwamba ulipolitaja kaburi lake niliona kile kiti kitupu, nikaogopa kama nilivyoogopa chumbani, na safari hii mikono haikuwa na ufagio, basi ulimi ukafanya kazi hiyo.

Kama kuna kitu nimejifunza katika umri wangu, kwa kuchelewa, ni hicho. Mimi nikiogopa nasafisha. Nafagia mbali kila kinachonionyesha kwamba kitu kinaoza, kinabadilika, kinaondoka. Nilikufagia hata wewe. Wewe nawe una namna yako ya kuogopa, nimeiona: unanyamaza unakunja nguo. Sijui nikushauri nini juu ya hilo. Labda tu ukijikuta huko, dirisha limeganda na huna mtu, unakunja nguo ambazo zimeshakunjwa, unikumbuke mimi na ufagio wangu, ucheke kidogo, halafu uketi. Hata kama kuketi kunauma. Mamako hakuhitaji nyumba safi, na mimi nilimjua vya kutosha kulijua hilo.

Nina huzuni, Wawira, na sitaki kukuficha. Muuru wa pembeni hautapona, fundi wa mbao ameutazama akatikisa kichwa. Mkubwa sijui. Umesema mwenyewe kwamba udongo hauamki kwa msimu mmoja. Na hata nikiacha majani, ukungu sitaweza kuuleta. Mtu anaweza kuweka ufagio chini, lakini Julai ya zamani hairudi kwa sababu Mwalimu ametubu. Pengine na wewe utaenda huko mbali, upime baridi yao mwaka baada ya mwaka, na jibu utakalolipata likawa kwamba tumechelewa. Ukilipata jibu hilo, niambie hivyo hivyo lilivyo. Usinisafishie.

Nawaza pia habari ya kiondo. Mamako alisema mti hauendi kwa wageni peke yake (ona, bado namsahihisha), na wewe unaenda peke yako. Nilitaka kukuwekea udongo kidogo katika sanduku, nikufungie kwenye soksi. Bahati nzuri shangazi yako alinikumbusha kwamba uwanja wa ndege watakunyang'anya, na labda wakufunge, na utaanza masomo ya udongo ukiwa ndani. Basi unaenda mikono mitupu. Hilo linanitia hofu kuliko baridi. Tafuta watu wa kukuzunguka, mama. Hata wachache. Hata wanaokosea ngeli.

Wala sitakuomba uahidi kurudi. Nilikuwa nimejiandaa kukuomba, nimeyapanga maneno tangu wiki jana, na leo nimeona ni ufagio mwingine tu: nataka mbele yako pawe na mistari iliyonyooka ili mimi nilale vizuri. Rudi ukitaka. Ukikaa huko, kaa. Mimi nitakuwepo kadiri nitakavyokuwepo. Nyumba itakuwa kimya na nitaogopa, na nitajaribu kuketi.

Sasa nikuambie nilichofanya leo, kwa sababu utafika na giza na hutakiona, na asubuhi tutakuwa na haraka.

Leo ni Jumamosi. Niliamka nikachukua ufagio kama kawaida, nikashuka mpaka kwa mamako. Majani ya wiki nzima yalikuwa yameanguka, mapana, yamefunika kaburi lote, msalaba unaonekana nusu. Mikono ilikuwa inawasha. Jirani yetu Njeru akapita njiani na ng'ombe wake akasema, "Mwalimu, leo umechelewa, hapo ni pachafu." Nikamwambia, "Leo nimeacha." Akasimama. "Uko sawa kweli? Niite mtu?" Nikamwambia niko sawa. Alikwenda akigeuka geuka, na naamini kufikia sasa kanisa zima linajua kwamba Mwalimu amechanganyikiwa.

Niliuweka ufagio kando nikaketi. Nimeketi pale asubuhi yote, juu ya majani, pembeni yake, bila kufanya chochote. Nimemwambia mambo ambayo sikumwambia kwenye kile kiti. Nililia, na hakukuwa na wa kuona ila ndege.

Kile kitambaa nilikuwa nimekichukua kutoka juu ya jiwe siku ile ile ulipoingia ndani. Nilikifua. Nilikipiga pasi, ujue mimi ni nani. Nimekiweka chini ya Biblia siku zote hizi nikikitazama. Leo nimekirudisha. Nimechimba kwa mikono kama ulivyochimba, karibu na kichwa chake, nikakizika, nikarudishia udongo, kisha nikaenda kwenye ua pale palipokula kile kingine, nikachota udongo mweusi na kiondo cha mamako, nikaumwaga juu yake. Halafu nikavuta majani nikafunika. Mikono yangu ilikuwa michafu mpaka kwenye viwiko, na sijainawa vizuri, utaona alama kwenye karatasi hii.

Sikutaka mamako aliwe, Wawira. Nilitaka abaki kama alivyokuwa. Lakini alikuja hapa na udongo ulio hai, na mimi nimemlaza kwenye udongo niliouua mwenyewe, kwa usafi.

Siku utakayorudi, iwe lini, hata kama mimi nitakuwa nimelala pale kando yake, nenda ukachimbe chini ya msalaba, upande wa muuru. Chimba taratibu, utafute vizuri.

Naomba usikute kitu.

Baba yako